Mji wa Leeds na Watoto Wake: Habari za Ukaguzi na Matengenezo

Ni desturi ya kitabu cha yubile kuhesabu majengo. Kanisa hili lilianza kwa miti na makuti, likajengwa kwa mawe. Shule ile ilianza chini ya mti, leo ina madarasa na paa la bati. Hesabu hizo ni njema, wala hatuzidharau. Lakini iko hesabu nyingine isiyoonekana upesi kwa macho, nayo ni hesabu ya watoto: wangapi waliofiwa au kuachwa wakapata mtu wa kuwatunza, na wangapi waliopotea katikati yetu tusiwajue. Wazee walisema, kuzaa si kazi, kazi kulea. Na kazi hiyo huwa nzito zaidi pale mtoto anapokuwa hana mzazi, au yule aliyepewa kumlinda ndiye anayemdhuru.

Kwa hiyo tumeona vema kuwaletea wasomaji, hasa walimu na wazee wa parokia, habari za mji mmoja wa Uingereza uitwao Leeds. Mji huo ulikaguliwa na wakaguzi wa Serikali mwaka 2009, ukaonekana haulindi watoto wake kama ipasavyo. Hata baada ya miaka michache ukawa mfano kwa miji mingine. Tumechagua habari za mbali kwa sababu mbili. Kwanza, sheria za watoto zilizowekwa Kenya na Tanganyika wakati wa ukoloni zilifuata mfano wa Kiingereza, na mpango wa kuwa na afisa wa kuangalia watoto tuliupokea kwa njia hiyo. Pili, dawa moja iliyousaidia sana mji wa Leeds haikutoka Ulaya. Ni dawa ambayo watu wa nchi zetu wataitambua mara waionapo.

Mtoto Dennis na sheria ya mwaka 1948

Ili tuelewe habari za Leeds yatupasa kurudi nyuma kidogo. Zamani watoto wa Uingereza waliokosa wazazi walitawanyika mikononi mwa wengi. Wengine waliwekwa katika nyumba za maskini, wengine katika nyumba kubwa za vyama vya hisani na za makanisa, na wengine walipelekwa kwa walezi waliolipwa fedha kidogo kwa chakula na mavazi yao. Idara kadhaa za Serikali zilikuwa na sehemu ya kazi hiyo, wala hapakuwa na moja iliyoshika yote. Mwezi wa Julai 1944 Lady Allen of Hurtwood aliandika barua katika gazeti la The Times akitaka hali ya watoto hao ichunguzwe, na watu wengi wakamwunga mkono.

Kabla uchunguzi haujaanza, ukatokea msiba. Tarehe 9 Januari 1945 mtoto Dennis O'Neill, mwenye umri wa miaka 12, alikufa katika shamba moja la wilaya ya Shropshire. Alikuwa ameondolewa kwao na Halmashauri ya mji wa Newport, akawekwa kwa walezi pamoja na nduguye mdogo. Na huko alipigwa na kunyimwa chakula hata akafa. Sir Walter Monckton aliagizwa kuchunguza jambo hilo. Taarifa yake ilionyesha kwamba halmashauri mbili, ya Newport na ya Shropshire, hazikuelewana vema ni nani mwenye wajibu wa kumtazama mtoto. Barua zilikwenda na kurudi, na safari za kumtembelea zikachelewa. Watu wa ofisi walikuwa na karatasi za Dennis, lakini Dennis mwenyewe hakuwa na mtu.

Mwezi wa Machi 1945 Serikali ilichagua kamati, na mkuu wake alikuwa Bibi Myra Curtis. Wanakamati hawakukaa mezani tu kusoma taarifa. Walikwenda wakaingia katika nyumba za watoto, wakatazama vitanda, vyakula na mavazi. Taarifa yao ya mwaka 1946 ilihesabu watoto wapatao 125,000 katika Uingereza na Wales walioishi mbali na makwao kwa namna mbalimbali. Waliona nyumba chache zenye ukatili wa dhahiri, lakini waliona nyingi zenye ubaridi: mtoto amelishwa, amevikwa, naye hana kitu kilicho chake wala mtu amwitaye kwa upendo. Wakashauri kwamba kila halmashauri iwe na afisa mmoja wa watoto, ambaye kazi yake ni hiyo tu, na awafahamu watoto kama watu, si kama hesabu katika daftari.

Shauri hilo likawa Sheria ya Watoto ya mwaka 1948, iliyoanza kazi tarehe 5 Julai mwaka huo. Wengi wa maafisa wa kwanza walikuwa wanawake. Sheria hiyo ni mzizi wa mambo yote tutakayoyaeleza. Nayo ilizaliwa kwa uchunguzi uliofuata kaburi la mtoto.

Mtoto aliyetoka Afrika

Ingedhaniwa kwamba baada ya hapo maneno yamekwisha. Lakini sivyo. Mwaka 1970 Bunge liliamuru kazi ya watoto iunganishwe na kazi ya wazee, wagonjwa na walemavu katika idara moja kubwa, na maafisa wa watoto wa namna ile ya kwanza wakatoweka. Januari 1973 mtoto Maria Colwell, mwenye umri wa miaka 7, aliuawa na baba yake wa kambo mjini Brighton, ingawa majirani, walimu na maafisa walikuwa wamekwisha kuona dalili. Uchunguzi ukaonyesha tena kosa lile lile: kila mmoja alijua kipande chake, wala hapana aliyeviweka vipande pamoja.

Habari ya tatu yatugusa sisi zaidi. Victoria Climbié alizaliwa Côte d'Ivoire mwaka 1991. Wazazi wake walimtoa aende Ulaya pamoja na shangazi wa baba yake, ili apate elimu. Nani kati yetu hajui desturi hiyo? Mtoto hupelekwa kwa jamaa aliye mjini, apate shule na maisha mema, na mara nyingi mambo huenda vizuri. Victoria alifika London mwaka 1999. Tarehe 25 Februari 2000 alikufa, akiwa na umri wa miaka 8, na mwili wake ulikuwa na majeraha 128. Aliyemtesa ni yule jamaa mwenyewe pamoja na mwanamume aliyekaa naye.

Lord Laming aliongoza uchunguzi, na taarifa yake ilitoka Januari 2003 yenye mashauri 108. Alionyesha mara 12 ambapo maafisa wa ustawi wa jamii, polisi au waganga wangaliweza kumwokoa mtoto wasifanye hivyo. Liko jambo moja katika taarifa hiyo ambalo kila mwalimu wa Kiafrika afaa kulikumbuka. Ilielezwa kwamba mtoto alikuwa akisimama wima kama askari mbele ya wale watu wazima wawili, na ikadhaniwa kuwa hiyo ni adabu ya watu weusi kwa wakubwa wao. Wazazi wa Victoria walisema kwamba nyumbani kwao hakuwa akitakiwa kusimama hivyo. Basi ile iliyodhaniwa kuwa heshima ilikuwa hofu. Hapa petu, ambapo twapenda watoto wenye adabu, yatupasa kujifunza kutofautisha mambo hayo mawili: mtoto mwenye heshima humtazama mkubwa kwa utulivu, lakini mtoto mwenye hofu hutazama mkono wake.

Nyumba njema si mlango

Kwa sababu ya kifo cha Victoria ikatungwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2004. Kila halmashauri iliagizwa kuwa na mkurugenzi mmoja wa kazi zote za watoto, elimu na ulinzi pamoja. Na mwezi wa Aprili 2007 kazi ya kukagua ulinzi wa watoto ilitiwa mikononi mwa Ofsted, yaani ofisi ile ile ya wakaguzi wa shule.

Walakini mwaka huo huo ukaguzi wenyewe ukaonekana kuwa na upungufu. Tarehe 3 Agosti 2007 mtoto Peter Connelly, mwenye miezi 17, alikufa kwa mateso nyumbani kwao Haringey, kaskazini ya London, mtaa ule ule wa halmashauri iliyohusika na Victoria. Alikuwa ametembelewa na watumishi mara nyingi. Na miezi michache baadaye, mwaka 2007, halmashauri hiyo ilipewa na wakaguzi cheo cha kuwa nzuri, kwa maana sehemu kubwa ya kipimo ilikuwa karatasi na hesabu zilizoletwa na halmashauri yenyewe. Wahenga walikwisha sema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wakaguzi walikuwa wameusifu mlango.

Kesi ya kifo cha Peter ilipomalizika Novemba 2008, nchi nzima ilighadhibika. Serikali ikaagiza kwamba tangu mwaka 2009 wakaguzi wafike kila halmashauri bila kutoa taarifa, wafungue mafaili ya watoto, wakae na maafisa, wasikilize simu zinavyopokelewa. Ndivyo walivyofika Leeds mwezi wa Julai 2009.

Leeds ni mji mkubwa wa Yorkshire uliotajirika kwa nguo za sufu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021 ulikuwa na watu wapatao 812,000, na kati yao wamo waliotoka Ireland, Jamaika, India, Pakistan na nchi za Afrika. Wakaguzi waliona kwamba katika mji huo habari za watoto waliokuwa hatarini hazikufuatwa upesi wala kwa ukamilifu, hata wengine waliachwa katika hatari ya kudhurika. Ukaguzi mkubwa uliofuata mwishoni mwa mwaka ukatoa hukumu kwamba ulinzi wa watoto haukutosha, nayo ndiyo daraja ya chini kabisa. Mwaka 2010 Serikali Kuu ikaiandikia Halmashauri amri ya kujitengeneza, na ikaweka watu wa nje wa kuitazama kazi hiyo.

Walivyoanza kutengeneza

Baada ya hukumu kama hiyo ziko njia mbili. Njia moja ni ya hofu: kutafuta wa kulaumiwa, kuwafukuza wakubwa, kuongeza fomu, na kuwatoa watoto wengi majumbani kwao upesi ili pasiwe na lawama tena. Njia hiyo ilifuatwa mahali pengi Uingereza baada ya mwaka 2008. Maombi ya kuwaweka watoto chini ya halmashauri yaliongezeka ghafula katika mahakama. Idadi ya watoto walio mikononi mwa halmashauri Uingereza nzima ilikuwa 60,900 mwezi wa Machi 2009, na mwezi wa Machi 2019 ilikuwa 78,150. Mwaka 2011 Profesa Eileen Munro, aliyeagizwa na Serikali kuchunguza kazi hiyo, alisema kwamba maafisa wamefungwa na taratibu na fomu nyingi hata muda wao wa kukaa na watoto umepungua.

Leeds walichagua njia nyingine. Mwezi wa Septemba 2010 alikuja mkurugenzi mpya, Nigel Richardson, aliyetoka mji wa Hull, na katika baraza la madiwani kazi ya watoto ilishikwa na Bibi Judith Blake. Hao hawakuandika orodha ndefu ya mashauri. Walichagua mambo matatu tu, wakayashikilia miaka na miaka. La kwanza, kupunguza kwa usalama idadi ya watoto wanaohitaji kuondolewa kwao. La pili, kuongeza mahudhurio ya watoto shuleni. La tatu, kupunguza vijana wasio na masomo wala kazi. Hesabu za mambo hayo matatu zilifuatwa daima, na kila mtumishi, awe mwalimu, afisa au dereva, aliweza kuyataja kwa moyo.

Msomaji aweza kuuliza, kwa nini mambo matatu tu, nao wakaguzi walikuwa wameandika makosa mengi? Jawabu ni kwamba mambo hayo matatu hayawezi kutengenezwa bila kutengeneza mengine. Mtoto haji shuleni: kwa nini? Mama ni mgonjwa. Baba ni mlevi. Nyumba haina moto wakati wa baridi. Au mtoto ana alama ambazo hazipaswi kuonekana. Ukilifuata swali moja mpaka mwisho wake, utafika katika kila chumba cha nyumba.

Jambo lililofuata lilikuwa mlango wa kuingilia. Zamani mwalimu aliyekuwa na wasiwasi juu ya mtoto alijaza karatasi, akaituma, akangoja. Leeds walibadili desturi hiyo. Mwalimu apigapo simu huzungumza na afisa wa ustawi wa jamii mwenye uzoefu, wakashauriana mtu na mtu: umeona nini, tangu lini, nani mwingine aijuaye nyumba hii, wewe waweza kufanya nini leo, na sisi tutafanya nini. Mazungumzo hayo yalifanya mambo mawili. Yalipunguza karatasi zilizotumwa kwa hofu tu, na yale yaliyokuwa ya hatari kweli yakaonekana upesi.

Tena mji uligawanywa katika sehemu, na kila sehemu ilikuwa na shule kadhaa pamoja na waganga, polisi na watumishi wa familia. Walikutana wakitaja familia kwa majina na kujiuliza nani aliye karibu nazo. Kwa njia hiyo msaada ulifika mapema, kabla jambo halijawa la mahakama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kazi ya watoto ukuta ni wa ghali sana, kwa fedha na kwa machozi.

Ikumbukwe kwamba miaka hiyo Serikali Kuu ilikuwa ikipunguza fedha za halmashauri zote. Hata hivyo madiwani wa Leeds walikubaliana kuilinda kazi ya watoto kuliko kazi nyingine nyingi. Waliajiri maafisa wa kudumu mahali pa wale wa muda mfupi, na kupunguza mzigo wa kila afisa, ili mtoto asibadilishiwe mtu kila miezi michache. Ule wasiwasi wa kamati ya mwaka 1946, kwamba mtoto awe na mtu na si ofisi tu, ulirudi kushughulikiwa tena.

Mwaka 2012 waliwauliza watoto wenyewe wautaka mji wa namna gani, na majibu yao yakakusanywa kuwa matakwa 12. Mwezi wa Julai mwaka huo Malkia Elizabeth alifika kuzindua mpango wa kuufanya mji uwe rafiki wa watoto. Watu wa maduka, wa michezo na wa mabasi wakaombwa kila mmoja aseme atafanya nini. Mkono mmoja haulei mwana.

Baraza la jamaa

Sasa twafika kwenye ile dawa tuliyoitaja mwanzoni. Katika visiwa vya New Zealand wako wenyeji waitwao Wamaori. Katika karne ya ishirini watoto wao wengi waliondolewa na Serikali wakawekwa kwa wageni au katika nyumba za watoto. Wazee wa Kimaori wakalalamika kwamba Serikali huongea na mama peke yake, kana kwamba mtoto hana babu, wala mjomba, wala ukoo. Kamati iliyoongozwa na mzee John Rangihau ilichunguza jambo hilo, na taarifa yake ikatoka mwaka 1986. Mwaka 1989 Bunge la New Zealand likatunga sheria kwamba kabla ya kukata shauri juu ya mtoto, ukoo wake uitwe ukae barazani.

Leeds walilichukua jambo hilo wakalifanya kuwa desturi ya kazi. Utaratibu wake ni huu. Mtu asiyehusika na shauri huwatembelea jamaa mmoja mmoja: bibi, shangazi, kaka aliye mbali, hata rafiki wa familia aliyeaminiwa. Hukutana mahali wapapendapo wenyewe, na mara nyingi pana chakula. Kwanza afisa hueleza wazi, bila maneno ya ofisini, anaogopa nini juu ya mtoto. Kisha maafisa wote hutoka nje, na jamaa hubaki peke yao. Husemezana, hulia, hukasirikiana, hupatana. Na mwisho huandika mpango: nani atakaa na mtoto, nani atampeleka shule, nani atamchunga baba asirudie pombe. Maafisa hurudi wakausikiliza. Mpango ukiwa na usalama, hukubaliwa. Usipokuwa na usalama, haukubaliwi, wala sheria haiondolewi nguvu zake.

Maafisa wa Leeds walifundishwa kanuni moja kwa maelfu: fanya kazi pamoja na watu, wala usiwaamuru tu, wala usiwafanyie kila kitu kana kwamba hawana mikono. Wasaidie sana, na uwadai sana. Wasomaji wetu wataona kwamba hili si jambo geni. Baraza la ukoo, ambalo baadhi ya wasomi wetu walilihesabu kuwa mambo ya kale, limesafiri kutoka visiwa vya bahari ya kusini mpaka mji wa viwanda wa Uingereza, na huko limewalinda watoto. Lakini tuangalie tofauti iliyopo. Katika baraza hilo mtoto ndiye shauri lenyewe, naye husikilizwa au husemewa na mtu wake. Wala si baraza la kuficha aibu ya ukoo au kumwoza binti ili mambo yaishe. Baraza linalomlinda mkosaji halifanani na hili ila kwa jina.

Matunda, na jinsi yanavyoweza kupotea

Amri ya Serikali juu ya Leeds iliondolewa mwishoni mwa mwaka 2011. Wakaguzi walirudi mwanzoni mwa mwaka 2015, wakasema kazi ni nzuri, na uongozi wake ni bora sana. Mwaka 2018 walirudi tena, wakaipa kazi yote daraja ya juu kabisa. Na mwaka 2022 wakairudia hukumu hiyo. Watoto walio mikononi mwa Halmashauri, waliozidi 1,400 mwaka 2012, walikuwa wamepungua chini ya 1,300 mwaka 2015, wakati ule ule idadi ya nchi nzima ilipokuwa ikipanda. Halmashauri jirani ya Kirklees, iliyoonekana haitoshi mwaka 2016, iliwekwa chini ya msaada wa Leeds, nayo ikatoka katika daraja ya chini mwaka 2019. Na Desemba 2024 Serikali ya Uingereza ilipeleka Bungeni mswada uliotaka kila familia ipewe nafasi ya baraza la jamaa kabla ya shauri kwenda mahakamani.

Lakini tusije tukadhani kwamba cheo cha mkaguzi ni kama jiwe la msingi lisilotikisika. Mji wa Doncaster, usio mbali na Leeds, ulinyang'anywa kazi ya watoto mwaka 2014, ikapewa shirika jipya. Mwaka 2017 shirika hilo lilisifiwa kuwa zuri. Mwaka 2022 lilionekana tena halitoshi, na kazi ikarudishwa kwa Halmashauri. Birmingham, ulio mji mkubwa zaidi, ulikaa katika lawama muda wa miaka kama kumi kabla ya kutoka mwaka 2019, ndipo mwaka 2023 ukaitwa mzuri. Basi kazi hii haimaliziki. Mlinzi wa shamba la mahindi halindi jana.

Yatupasayo sisi

Twajifunza nini? Kwanza, mkaguzi ni wa lazima. Bila yule aliyefika Leeds bila taarifa, watoto wangalizidi kuumia kimya kimya. Nyumba zetu za watoto, ziwe za kanisa au za chama, zisiogope kufunguliwa mlango, na wageni wakija wasionyeshwe nyimbo na mashuka mapya tu, bali waachwe wakae na watoto. Pili, mkaguzi hatibu. Huonyesha kidonda, kukisafisha ni kazi ya wenye nyumba, na yataka mambo machache, watu wanaokaa, na miaka. Tatu, nyumba ya watoto, hata iwe nzuri namna gani, ije nyuma ya swali hili: je, jamaa zake wote wametafutwa?

Katika Tanzania Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa kila mtu katika jamii wajibu wa kutoa habari kwa serikali ya mtaa wake aonapo haki za mtoto zavunjwa. Kenya ilitunga Sheria mpya ya Watoto mwaka 2022, na mwaka huo ikaanza mpango wa miaka kumi wa kuwatoa watoto katika nyumba za malezi na kuwarudisha katika familia. Sheria hizo ni njema, lakini Uingereza nayo ilikuwa na sheria njema wakati Victoria alipokufa. Sheria hukaa ofisini. Mtoto huonekana na jirani, na mwalimu, na mama aketiye naye kanisani.

Kwa hiyo neno letu la mwisho ni kwa walimu. Kati ya yale mambo matatu ya Leeds, moja laweza kuanza kesho asubuhi bila shilingi moja ya mfadhili, nalo ni daftari la mahudhurio. Mwalimu aitapo majina na jina moja likakosa kuitikiwa siku ya pili na ya tatu, asichore alama tu akaendelea na hesabu. Na aulize yuko wapi, analala kwa nani, na nani katika ukoo wake aweza kuitwa. Kisha aende, au amtume mzee wa mtaa aende, akamwone mtoto kwa macho yake.